Noti Mbili, Namba Moja

Bwana Hatibu Zamoyoni, karani wa fedha wa Kinu cha Pamba cha Mhumbu hapa Shinyanga, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Septemba 1938, akiwa ametimiza miaka kumi na minane na miezi mitatu kazini. Katika muda wote huo alichelewa mara moja tu, asubuhi ile treni ya kwanza ilipoingia stesheni yetu, na siku hiyo mji mzima ulichelewa pamoja na meneja.

Kazi ya kuandika wasifu huu amepewa karani wa mizani, Otmar Tarsisi wa Ushirombo, aliyekaa na mstaafu dirisha moja kwa miaka kumi na mmoja. Watu wa mizani hatuna desturi ya kusifu kitu kabla hatujakipima. Baba Mwahija, kama tunavyomwita, tumempima kiangazi na masika, na uzito wake tunaujua. Hata hivyo, alipoambiwa kuwa ataandikiwa alitoa sharti. Alisema sifa ziandikwe zinavyotaka, lakini isomwe pia habari ya noti namba 30418, yote, bila kufichwa kitu, kwa sababu jina la mtu liliharibika kwa ajili yake na binti wa mtu huyo atakuwepo kusikiliza. Binti huyo ni Bi Limi Mabula. Amekuja kutoka Geita na ameketi safu ya mbele, mwenye kitenge cha bluu. Tutafika kwake, kwanza tumwache mstaafu afurahie sifa zake kidogo.

Sisi tulioajiriwa baada ya reli hatuijui Mhumbu aliyoikuta yeye. Mwaka 1920 kinu hakikuwa kinu. Kilikuwa banda la nyasi lenye mizani ya kuning'iniza, na pamba yote iliondoka hapa vichwani mwa watu kuelekea Tabora. Injini hii, ambayo siku hizi ikinyamaza dakika mbili watu hutoka nje kuuliza kumetokea nini, ilikuja baadaye kwa treni, vipande vipande ndani ya makasha. Ofisi ilikuwa meza moja, kasha la chuma, na Bwana Hatibu ndani ya kanzu iliyopigwa pasi hata wiki za mavuno. Akisimulia siku hizo huanza na harufu ya mbegu za pamba zilizonyeshewa, kisha huja kwenye mikokoteni ya ng'ombe iliyojipanga mpaka mtoni, na watu wakilala chini yake wakisubiri zamu huku wakiimba. Ukimwacha, atakutajia hata majina ya ng'ombe.

Shilingi wakati huo ilikuwa ngeni. Watu walikuwa wametoka kwenye rupia na hela, wakapitishwa kwenye florini, ambayo iliondoka hata kabla hawajalizoea jina lake, na sasa wanapewa shilingi. Mkulima alipenda senti za tundu, kwa sababu zinapita kwenye kamba na kamba inafungwa kiunoni. Karatasi hakuiamini. Inaliwa na mchwa, inalowa, na ukiidondosha juu ya jiwe haitoi sauti. Mzee Mageni wa Samuye alilipwa noti yake ya kwanza, ya shilingi tano, akaondoka nayo kwa mashaka. Msimu uliofuata alirudi nayo dirishani, ameitoboa katikati kwa msumari wa moto na kuitunga pamoja na senti zake. Karani alipomwuliza kulikoni, mzee alimshangaa sana. "Hela isiyofungwa kamba hutoroka, karani. Hukufundishwa?"

Bwana Hatibu hakumcheka mbele yake. Alimpa noti nzima kutoka mfukoni mwake mwenyewe, akaichukua ile yenye tundu na kuitia kwenye mkebe wa biskuti. Hapo ndipo wenzake wa kwanza walipogundua kuwa wanafanya kazi na mtu anayekusanya noti za zamani.

Mikebe yenyewe ilikuwa miwili, na kila aliyeajiriwa Mhumbu amewahi kupewa somo lake, atake asitake, saa ya chai. Mmoja uliandikwa Kuukuu na wa pili Kongwe. Somo lilianza kwa swali la nini tofauti yake. Waajiriwa wapya hujibu kwamba ni mamoja, vyote ni vya zamani, na hapo huwa wamejifunga kitanzi. Kuukuu, husema mwalimu wetu, ni kitu ambacho siku zimekichakaza basi. Kongwe ni kitu ambacho siku zimekiongezea heshima. Shati lako ni kuukuu, Otmar. Mlango wa msikiti wa Ujiji ni mkongwe. Mfano wa shati ameutumia miaka kumi na mmoja, na shati limebadilishwa mara nyingi, ila mfano haubadiliki.

Kwa hiyo si kila noti ya zamani iliyokubaliwa kwenye mkebe wa pili. Umri peke yake haukutosha. Alitaka noti iliyotoka zama zilizokwisha kabisa, ambayo hakuna mtambo utakaochapa nyingine kama hiyo kesho. Alitaka iwe imebaki kwa uchache. Aliipenda noti ya Wajerumani ya rupia tano, yenye simba, kwa uzuri wa mchoro wake, na alisema aliyeichora alikuwa hana haraka. Lakini alizipenda zaidi zile za wakati wa vita, zilizotolewa Tabora karatasi nzuri ilipokwisha, zenye rangi ya mfuko wa sukari, zisizo na mchoro wa maana na zenye sahihi zilizoandikwa kwa mkono. Ukimwuliza uzuri wake uko wapi, alijibu kuwa zina kwao. Mtu mwenye kwao unaweza kuuliza habari zake ukaambiwa, na noti hivyo hivyo. Ndiyo maana ya Mzee Mageni, pamoja na tundu lake, ilikaa kwenye mkebe wa Kongwe karibu na simba. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Mwaka 1934 somo hilo lilipata mpinzani. Alikuwa Mzungu mmoja mpima dhahabu, anayefanya kazi Geita, aliyeingia ofisini kuvunja noti akisubiri treni. Wachimbaji walimpa jina la Bwana Kioo, kwa sababu kioo chake cha kukuzia hakikutoka shingoni hata akila. Naye alikuwa mkusanyaji, na sheria zake zilikuwa kali. Noti ikitobolewa, kwake imekufa. Ikikunjwa mara tatu ni mgonjwa. Bwana Hatibu aliomba dakika chache akamletee hazina yake, na kwa adabu aliyolelewa nayo, ya kutompa mgeni kitu chenye makunyanzi, akaweka pasi ya mkaa motoni, akazinyunyizia maji noti sita za Kijerumani na kuzinyoosha zikawa kama kanzu ya Idi. Bwana Kioo alipoziona alikaa chini. Alieleza kwa Kiswahili chake cha migodini kuwa noti kongwe haioshwi, haipigwi pasi wala haikatwi ncha. Hubaki na uso wake. Kwa dakika nne, rafiki yetu alikuwa ameziua noti zote sita. Tulimtania mwaka mzima. Mtu akikunjamana uso kidogo, aliambiwa aende kwa Baba Mwahija akanyooshwe.

Tangu hapo wawili hao wakawa marafiki wa kubishana. Bwana Kioo hakupita Shinyanga bila kusimama dirishani, na mizani ilisimama kwa muda huo, kwa kuwa karani wake alikuwa anasikiliza.

Jambo moja tuliliona sote na hatukulifikiria. Noti yoyote iliyoletwa, iwe ya simba au ya karatasi ya mfuko, Bwana Hatibu aliangalia namba kwanza. Mchoro baadaye, sahihi baadaye. Tulidhani ni mazoea ya mtu wa fedha. Na ulikuwepo mkebe wa tatu, mdogo, wa tumbaku, usio na maandishi, ambao aliuweka ndani kabisa ya kasha la chuma na hakuufungulia mtu. Mkewe, Bi Mwamvua, aliwahi kuuliza kama una barua za mwanamke. Tunamwomba radhi Bi Mwamvua, maana baadhi yetu tuliamini hivyo.

Sasa tumefika kwenye sharti.

Mwanzoni mwa mwaka 1916 Bwana Hatibu alikuwa Tabora, kwenye karakana moja iliyokuwa ikitengeneza noti za vita. Wengine walikata karatasi, wengine walianika. Kazi yake yeye ilikuwa kupiga namba kwa muhuri wa mkono wenye vigurudumu. Kila noti moja ilipopigwa, kidole gumba kilisogeza kigurudumu cha mwisho hatua moja, na noti iliyofuata ikapata namba yake. Alipiga maelfu bila kukosea. Asubuhi moja, alipokuwa ametoka kupiga 30418 kwenye noti ya rupia kumi, mlango ulifunguliwa akaambiwa mkewe amejifungua salama mtoto wa kike. Alisimama, akashukuru, akapongezwa na karakana nzima. Aliporudi kuketi alipiga noti iliyofuata, na kidole hakikuwa kimesogeza kigurudumu. Hakuna aliyeona. Zikatoka noti mbili zenye namba moja, zote za halali, zote kutoka mkono mmoja, na mtoto akaitwa Mwahija.

Miezi michache baadaye alitumwa dukani kununua gundi, kwa tajiri mmoja mwoga aliyekuwa na tabia ya kuandika kwenye daftari namba ya kila noti kubwa aliyopokea. Mbele yake kwenye kaunta alikuwepo Mabula, mfugaji wa upande wetu huu wa Shinyanga, aliyeuza dume lake la ng'ombe akalipwa kwa noti, na sasa alitaka kaniki na chumvi ya kurudi nayo nyumbani. Tajiri alipekua daftari, akakuta 30418 imeshaandikwa, akaitoa noti yake kwenye droo na kuziweka mbili hizo pamoja. Kisha akapiga kelele kuwa huyu mshamba ameleta noti bandia. Bwana Hatibu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma na gundi yake mkononi. Aliziona. Alijua papo hapo. Hakuwa mtoto; alikuwa na miaka thelathini na mbili, kanzu safi na maneno ya kutosha ya lugha tatu. Aliogopa kiboko, akalipa gundi, akatoka.

Mabula alifungwa siku kumi na moja. Wakubwa walishindwa kuamua ipi ni ya kweli na ipi ni ya uongo, wakaikata ncha ile yake, wakamrudishia na kumwambia aondoke. Dume lilikwisha kuchinjwa, na noti yenye ncha iliyokatwa hakuna aliyeipokea. Lakini hasara hiyo, watu wa kwao walivyosimulia, angeivumilia. Kilichomshinda ni jina. Wenzake wa safari walifika kabla yake, na alipofika nyumbani alikuwa tayari anaitwa Bandia. Wakamwita Bandia mnadani, wakamwita Bandia ngomani, na wanawe wakaitwa watoto wa Bandia. Baada ya vita alihama akaelekea magharibi, hakurudi tena.

Huo ndio ulikuwa mkusanyo wa Bwana Hatibu. Alikuja kufanya kazi Shinyanga kwa sababu huku ndiko Mabula alikotoka, na alipofika akakuta ameshahama. Akaanza kutafuta noti. Rupia za karatasi zilikuwa zimekufa, watu wanawashia moto, naye akazinunua kwa mikebe kutoka maduka yaliyofungwa, akitafuta namba moja. Mwaka 1924 aliipata ile ya tajiri, safi, haina mkunjo, ikakaa kwenye mkebe wa tumbaku. Kuthibitisha kosa kulihitaji zote mbili, na ya pili hakujua kama bado ipo duniani. Noti nyingine zote, simba na tundu na somo la saa ya chai, alizipata njiani akazipenda. Tunalisema hili kwa sababu alituambia mwenyewe.

Mwaka 1936 Bwana Kioo alitaja kwa kupita tu kuwa kule Geita kuna mama anayewapikia wachimbaji ugali na dagaa, ana noti ya Tabora iliyokatwa ncha, na amekataa kuiuza kwa bei yoyote. Bwana Hatibu aliomba likizo yake ya kwanza kazini. Alipanda treni mpaka Mwanza, akavuka maji, akadandia lori la magunia ya mahindi, na siku ya tatu akasimama mbele ya vyungu vya Bi Limi. Alimwamkia kwa Kisukuma chake cha dirishani, mwangaluka mayu, akamwuliza kama angeweza kuiona noti hiyo. Bi Limi hakuitoa. Aliitaja. Alisema thelathini elfu, mia nne na kumi na nane, huku anakoroga sufuria. Hajui kusoma, lakini baba yake aliwakaririsha watoto wake namba ile kama watu wengine wanavyowakaririsha majina ya mababu, ili siku akitokea mtu mwenye habari zake wamtambue. Mabula alikuwa amefariki mwaka wa tatu nyuma, kifusi kilimwangukia shimoni. Noti hakuiuza wala kuitupa hata alipokosa chakula.

Bwana Hatibu alimweleza yote hapo hapo, amesimama, wachimbaji wanakula. Bi Limi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza swali ambalo mstaafu ameomba liandikwe kama lilivyosemwa: "Miaka yote hiyo, baba, mdomo ulikuwa nao?"

Bwana Hatibu akafungua mkebe wa tumbaku aliokuja nao, na Bi Limi akaenda kuileta noti ya baba yake.

Bwana Kioo, alipoziona noti mbili zimelala sambamba, aliinama juu yake na kioo chake, akazipitia moja baada ya nyingine. Katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kikongwe kuliko hicho. Alieleza kuwa noti nzuri hufanana na ndugu zake zote, lakini hizi mbili kosa la kidole kimoja limezitenga na noti nyingine zote za dunia. Aliacha hata sheria yake ya ncha. Akataja bei, na kwa bei hiyo Bi Limi angejenga nyumba ya mabati na Bwana Hatibu angestaafu siku ile. Bwana Hatibu alisema hana usemi, mwenye usemi ni mama huyu. Bi Limi alikataa. Alisema jina la baba yake liliharibiwa kwa sauti, mbele ya watu, na lilichafuka hasa Shinyanga. Basi likasafishwe kwa sauti, mbele ya watu, Shinyanga. Hilo ndilo alilotaka, na hakuongeza lingine.

Imechukua miaka miwili. Wasifu huu hautamficha mstaafu: mara mbili alisimama kwenye mkutano wa wauzaji wa pamba akafungua kinywa, na mara mbili akazungumzia bei ya mbegu. Mtu anaweza kuwa mwaminifu wa fedha kwa miaka kumi na minane na bado akawa na neno moja linalomshinda kulisema. Ndipo likaja la kustaafu, kwa sababu ya ukungu wa macho, na daktari akasema baada ya mwaka hataweza kusoma namba. Bwana Hatibu alikuja mezani kwetu asubuhi hiyo na mkebe wa tumbaku, akaufungua, akaleta sharti lake.

Wafanyakazi wa Mhumbu wanamshukuru kwa kila alichowapa. Watu wa mashine wanakumbuka alivyowaombea mshahara wa siku za ugonjwa. Wakulima wanakumbuka kuwa mwaka ule bei ilipoanguka hakumjibu mtu kwa ukali, na kwamba kila noti iliyochanika aliibadilisha kwa heshima ile ile. Karani wa mizani anamshukuru kwa somo la kuukuu na kongwe, na leo amevaa shati jipya ili mfano uishe. Zawadi yetu ni kiti cha kuegemea na taa ya chemli. Mikebe miwili amemwachia Mwahija, aliyeleta kosa lile bila kujua, na ambaye sasa ni mama wa watoto watatu hapo Ng'ambo, Tabora, ambako mzee anakwenda kupumzika.

Noti zenyewe ziko juu ya meza hii, chini ya kipande cha kioo, safi na yenye ncha iliyokatwa, pamoja kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa Shinyanga. Atakayetaka kuziangalia asizishike, na pasi zibaki nyumbani. Baada ya leo kila moja itarudi kwa mwenyewe.

Wapo hapa wazee waliomwita Mabula jina lile. Tunawajua, na hatuwataji. Wasifu huu ukishasomwa, Bwana Hatibu atasimama na kusema kwa kinywa chake kuwa alikuwepo dukani, aliona na alinyamaza. Kisha Bi Limi ataitaja namba ya baba yake. Tunawaomba nyote mlio hapa, wa ofisini na wa mashine, wa mjini na wa Samuye, mumwitikie kwa neno moja, kwa sauti ya kusikika mnadani: Halali.

Na wewe Baba Mwahija, wabeja sana, tunakushukuru. Nenda Tabora salama na umri mrefu, ukalie kiti chako, wajukuu wakusomee. Macho yako sasa yapumzike, maana hakuna namba iliyobaki ya kutafuta.